Mjomba Redio, Mkalimani wa Mradi wa Maji

Ndugu, jamaa na majirani, marehemu tuliyekuja kumsindikiza alizaliwa tarehe 9 Machi 1952 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, akiwa mtoto wa pili wa fundi baiskeli na mkewe muuza mboga. Jina la Redio alipewa na dada yake kabla hajaanza shule. Wapangaji wawili waligombana uani kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo. Baba yao aliporudi na kuuliza kulikoni, mtoto alipanda juu ya ndoo akautoa ugomvi mzima, sauti ya huyu kisha ya yule, matusi yakiwemo. Alichapwa. Dada yake akamtetea: "Mnamwonea bure! Huyu ni redio tu, waliosema wako nje."

Alianza shule ya msingi mwaka 1960 na kumaliza sekondari mwaka 1971. Hesabu ilimpiga chenga, lakini lugha alizinywa kama maji. Aliposikia sokoni kuna mgeni, alimfuata kila kibanda ili asikie anavyotamka. Mwaka 1973 alihitimu chuo cha ualimu na kupangiwa shule ya bondeni. Huko wote walimwita Mwalimu, isipokuwa dada yake, aliyekuwa ameolewa huko na kupewa shamba na wakwe zake.

Tarehe 14 Agosti 1976 alifunga ndoa na muuguzi wa zahanati. Siku alipokwenda kuzungumzia jambo lenyewe alieleza vizuri mno baba yake anasemaje, mama anasemaje, shangazi wanasemaje. Binti akamkatiza: "Na wewe mwenyewe, unasemaje?" Akababaika. "Mimi... naomba ukubali." Alikubali, na walijaliwa watoto watatu.

Mradi wa maji ulifika bondeni mwaka 1985, kwa msaada wa nchi rafiki. Mkuu wake alikuwa mhandisi mgeni asiyejua lugha yetu, na Mwalimu akaazimwa kutoka shuleni awe mkalimani. Wakulima walitakiwa waondoke kwenye mashamba yao ili mifereji ichimbwe, ardhi ikiwa mikononi mwa mamlaka ya maji kwa muda wa kazi. Waligoma. Ukaitishwa mkutano katika ukumbi wa shule. Mhandisi akasema, na marehemu akatafsiri kama wakalimani wanavyotafsiri, utadhani anayesema ni yeye: "Nawaahidi. Kila mtu atarudishiwa shamba lake, tena likiwa na maji."

Mwashi mmoja aliyekuwa na shamba karibu na mto akauliza, "Mwalimu, hiyo ahadi ni yake au ni yako?"

Watu wakacheka. Naye akacheka. "Ni yetu sote, kaka. Dada yangu mwenyewe ana shamba humu humu."

Mkono wa kwanza kuinuka kukubali ulikuwa wa dada yake. Wengine wakafuata.

Miaka ile mhandisi alikuwa mtu wa nyumbani. Jumapili alikula nao, akambeba kitindamimba mabegani, akamwita mke wa marehemu "shemeji" kwa lafudhi iliyowavunja watoto mbavu. Marehemu alimpenda kama ndugu wa tumbo moja. Alipoambiwa na mkewe kwamba mgeni ni mgeni tu, alikasirika.

Mwaka 1989 mifereji ilikamilika. Nyumba ya pampu ilizinduliwa, utepe ukakatwa, picha zikapigwa. Haukupita muda, wafadhili wakatangaza kwamba sasa fedha zao zinaelekezwa kwingine, na mamlaka ya maji ikalikodisha bonde lote kwa kampuni inayolima mboga za kusafirishwa kwa ndege. Maji yalikuja kweli. Dada yake alirudi shambani kwake akiwa kibarua, anachuma maharage machanga ambayo watoto wake hawakuwahi kuyaonja.

Watu walipopiga kelele, mkutano mwingine uliitishwa Mei 1990, ukumbi ule ule. Marehemu hakuombwa kutafsiri. Aliletwa mkalimani mwanamke kutoka mjini, na yeye akaketi na mkewe katikati ya watu. Mhandisi akasimama. Akasema kwa lugha yake kwamba hakuna aliyeahidi kurudisha mashamba. Kilichosemwa ni kwamba jambo hilo lingefikiriwa, hali ikiruhusu. Kosa, akasema, lilikuwa la mkalimani wa hapa, mtu mwema aliyetaka kuwafurahisha watu wake.

Ukumbini, marehemu aliyaelewa maneno hayo kabla ya majirani zake wote. Mkewe anakumbuka alivyomshika mkono na kumnong'oneza, "Ananiuza." Kisha mkalimani akaanza kutafsiri, na vichwa vikaanza kugeuka.

Marehemu alisimama. Aliuliza kwa lugha ya mgeni, kisha kwa yetu ili wote wasikie: "Niangalie usoni. Siku ile ulisema nini?"

"Mwalimu, tafadhali, tusigombane mbele ya watu," mhandisi alijibu, macho yakiwa kwenye karatasi zake. Ofisa wa mamlaka ya maji, aliyekuwepo katika mikutano yote miwili, alijifanya anafunga kamba za viatu.

Mwashi akanyanyuka. "Kwa hiyo ulitutilia chumvi?"

"Sikuongeza hata neno."

"Basi shamba langu liko wapi?"

Mhandisi aliondoka mwezi uliofuata bila kupita nyumbani kuaga, na kitindamimba alimsubiri dirishani Jumapili kadhaa. Marehemu alirudi kufundisha. Wazazi wengine wakahamisha watoto. Walikuwepo waliovuka barabara wakimwona anakuja, na waliompachika jina la Mdomo wa Wageni. Baadhi yenu mko hapa leo. Familia inawashukuru kwa kuja.

Mke wake anasema kwa miaka mingi, akinyoa ndevu asubuhi, marehemu aliirudia ile ahadi mbele ya kioo, kwa lugha ya mgeni kisha kwa yetu, akitafuta kama kuna neno alilolidondosha. Hakulipata. Mashirika mengine yalikuja kumtaka, na yote aliyakatalia. Baada ya kustaafu mwaka 2012 alikubali kutafsiri hospitalini tu, kwa wagonjwa wa madaktari wageni, na kila sentensi aliianza kwa "Daktari anasema".

Mwaka 2020 figo zilianza kumsumbua. Alitibiwa akipata nafuu na kurudiwa, hadi alipoomba arudishwe nyumbani. Wiki yake ya mwisho dada yake alikuja kumlisha uji, na hapo akamuuliza jambo ambalo hakuwahi kuthubutu kumuuliza: "Dada, siku ile ulimwamini nani?"

"Nilikuamini wewe, Redio. Yule mgeni nilimjulia wapi? Ndiyo maana inaniuma mpaka leo."

Marehemu akafungua mdomo apokee kijiko kingine. Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Juni 2023, mkewe akiwa kando yake.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, wapwa, wanafunzi wengi, na dada yake mkubwa, ambaye hadi leo hana shamba.

Mungu ampokee mwalimu wetu, na ampe utulivu ambao sisi tulimnyima.