Kikohozi cha Baba Mkwe

Kijiwe cha Bondeni ni ubao mmoja juu ya matofali, mbele ya jiko la kahawa la Tuntufye, na ubao wenyewe umeshapinda katikati kwa uzito wa maneno. Asubuhi ile, mvua za kwanza zikiwa zimelainisha ardhi na Kyela nzima inanukia udongo mpya, waliukalia watatu. Lugano, aitwaye Spika kwa kuwa hazimiki. Ambwene, mchuuzi wa vitenge, aitwaye Karonga kwa kuwa kila hoja lazima aivushe mpaka hadi Malawi. Na Mzee Zebedayo, aitwaye Kikohozi, ingawa mapafu yake ni mazima kama ngoma. Mzee huyu hukohoa kwa heshima tu. Kwa mila ya Kinyakyusa aliyolelewa nayo, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani wala hawasemeshani. Basi akikaribia uwanja wa mwanawe hukohoa tangu mbali, mkwe apate kupisha. Lakini tangu mkwe wake, Rut, aanze kuwafundisha watoto nyumbani, uwanja ndio umekuwa darasa, na mwalimu hawezi kupisha. Tangu hapo mzee hajatia mguu pale. Na jana alikiahidi kijiwe kwamba atampigia simu mwanawe, Anyitike, aamuru wajukuu wapelekwe chekechea.

— Umeshapiga? — Spika aliuliza hata kabla ya kukaa.

— Simu haina chaji.

— Jana haina salio, leo haina chaji. Kesho itakuwa haina masikio! Haya, mimi nimepita pale sasa hivi. Mjukuu wako Lusungu kalala kifudifudi kwenye matope. Namuuliza, "Mama, umeanguka?" Ananijibu, "Hapana, niko darasani."

Tuntufye alicheka mpaka kahawa ikamwagikia jiko.

— Darasa la nini?

— La vyura! Wana beseni la viluwiluwi, wanavitazama vinaota miguu. Wana mpunga kwenye makopo ya samaki. Wana chupa iliyokatwa shingo, eti ya kupimia mvua. Na yule mdogo, Aliko, anafinyanga chungu kwa udongo wa Ikombe, kule kwa wafinyanzi.

— Kikoje hicho chungu?

— Kama kiatu kilichokanyagwa na ng'ombe. Jamani, mtoto wa miaka mitano anashinda na chura! Wahenga hawakukosea: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

— Sasa huyo si ndiye anayefunzwa na mamaye? — Tuntufye akauliza.

Spika alimeza kahawa ya moto, macho yakamtoka.

— Methali ina upande wa juu na wa chini. Wewe umeshika wa chini.

— Ngojeni niwaambie, — Karonga akasogea mbele. — Kule Karonga niliona familia ya namna hii. Watoto walikaa nyumbani na bata. Leo wanakijua kibata kuliko Kiswahili.

— Kwani Karonga watu wanaongea Kiswahili?

— Ndiyo hoja yangu hiyo!

— Mimi nasema wale vyura wanakwenda Uchina, — alisema Spika. — Haba na haba hujaza kontena.

— Na chupa ya mvua?

— Anapima mvua yetu, akaiuze! Mtaamka siku moja mnaambiwa masika ya Bondeni yana mwenyewe.

Walicheka, ila Zebedayo hakucheka. Alikuwa akikitazama kidole gumba chake. Zamani Lusungu alikuwa akikishika hicho, si mkono, wakipita kwenye mikakao kutafuta tunda lililoiva. Sasa kidole kilikuwa kinashika kikombe tu.

— Kikohozi, mwenye ukoo ni wewe, — Spika akamchoma. — Unamwogopa mtu ambaye hata sura yake hujawahi kuiona!

— Niliiona kanisani siku ya ndoa. Nikafumba macho, nikasingizia sala.

— Basi piga! Mwanaume ni neno.

Mzee akatoa simu. Chaji ilikuwepo, tele. Akawa anatafuta jina la mwanawe kwa kile kile kidole, ndipo miguu midogo yenye matope ikasimama mbele yake.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama, — wote wakaitika.

Alikuwa Lusungu, kakumbatia kopo lenye miche ya kijani. Ng'ambo ya barabara, kwenye migomba, kanga ilikuwa imewapa mgongo: Rut, kamshika Aliko mkono, uso kaugeuzia mashambani.

— Babu, mpunga wangu umeota. Na vyura wameota miguu. Zamani ulikuwa unakuja. Mbona siku hizi huji?

Spika, ambaye hata msibani hazimiki, aliinamia kikombe. Karonga alitafuta mpaka wa kuvukia, hakuuona.

Zebedayo alilijua jibu, ndiyo maana halikutamkika. Ile chekechea aliyoidai kwa kelele hakuidai kwa ajili ya watoto. Alitaka uwanja usiwe darasa tena, Rut aweze kupisha, naye apate tena pa kukohoa. Alikuwa tayari kulivunja darasa la wajukuu kwa kuwa yeye hakupangiwa dawati.

Akarudisha simu mfukoni. Akasimama, akaipa migomba mgongo, akalisemesha birika la Tuntufye kwa sauti ya mtu anayehutubia mkutano:

— Wewe birika! Waambie wenye uwanja, kuna mzee anajua nyimbo za kufukuza ndege kwenye mpunga. Akipewa kona moja tu, hata nyuma ya banda la bata, atafundisha.

Birika likatoa mvuke. Ng'ambo ya barabara sauti ya chini ikauambia mgomba:

— Mgomba, lijibu birika. Mwalimu wa ndege anangojwa. Mwalimu wa vyura akisikia kikohozi uwanjani, ataingia jikoni.

— Ndaga, — mzee akalishukuru birika.

— Na simu je? — Spika akanong'ona.

— Haina chaji.

Aliko akavuka barabara mbio; Lusungu akamkabidhi kopo, akakishika kile kidole. Kanga ilitangulia kwa njia ya nyuma. Tuntufye aliinua birika, akalitikisa: tupu. Hakuna aliyedai kikombe kingine. Walikaa wakisikiliza kikohozi kizito kikiteremka na njia, na nyuma yake kingine, chembamba, kikijifunza.