Kitanda Alichokitandika Mama Mapazia

Ndugu waombolezaji, majirani, na nyinyi mliotoka mbali, familia imemtuma binti wa pili wa marehemu aisome historia hii, naye ameombwa asome taratibu na asipandishe sauti, la taratibu atajitahidi.

Marehemu, ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina la Mama Mapazia, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, katika nyumba iliyo nyuma ya mashine ya kusaga, akiwa mtoto wa tatu wa mfyatua matofali. Alianza shule ya msingi mwaka 1966 na kumaliza mwaka 1972, walimu wakisema mdomo wake utamfikisha mbali kuliko madaftari, kisha akapelekwa kwa shangazi yake kujifunza cherehani, akakaa huko mpaka akawa yeye ndiye anayemkosoa shangazi.

Mwaka 1977 alifungua chumba chake cha ushonaji kando ya barabara ya sokoni, na huko ndiko alikokutana na marehemu mume wake, fundi mwashi, ambaye alileta suruali ileile ishonwe mara tatu ndani ya mwezi mmoja, mpaka marehemu akamwambia kwamba kama anataka kuoa aseme, aache kuchana nguo. Walifunga ndoa tarehe 14 Juni 1980, wakajaliwa watoto wanne, wote wako hapa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuvaa sare ya shule ya kununua dukani.

Zahanati yetu ilipofunguliwa, marehemu ndiye aliyeshona mapazia yake, jina likamganda tangu hapo, na kila mwaka wakaguzi wa ubora wa huduma walipokaribia kuja, mganga mkuu alimtuma mtu kwake, naye aliweka kando kazi za wateja, akashona shuka mpya, akaenda kukitandika kwa mkono wake kile kitanda cha chumba cha huduma, akizivuta pembe mpaka zikanyooka. Aliipenda zahanati ile kama mtu anavyompenda mtoto mtundu, na aliyeisema vibaya mbele yake alirudishiwa kitambaa chake hakijakatwa.

Sasa lazima lisemwe, kwa kuwa historia ya mtu haisomwi nusu, kwamba kitanda kile kikishatandikwa hakikulaliwa na mgonjwa yeyote hadi wakaguzi wapite, na kipimo kipya cha presha kilikaa ndani ya boksi lake kabatini, kisije kikaharibika kabla ya kuonyeshwa. Marehemu alianza kulalamikia kichwa na ganzi ya vidole mwezi wa nne mwaka jana, akaenda zahanati, akapewa dawa za maumivu, akarudi, akapewa zilezile, akaambiwa ni umri na kuinamia cherehani, na hakuna siku hata moja mkono wake ulipofungwa kile kipimo. Familia inalisema hili ikiwa na hasira, na haitaki kujifanya haina.

Tarehe 3 Septemba mwaka huu, asubuhi ya ukaguzi, mkasi ulimponyoka, akajaribu kuuokota, mkono ukakataa, na binti yake huyu anayewasomea akamshika kiunoni, akamfikisha zahanati na kumlaza kwenye kitanda kile, kwa sababu kingine hakikuwapo. Muuguzi alikuja mbio, akasema kwa heshima zote, mama, tuvumilie kidogo tu, inuka, wageni wako getini, binti akaanza kufoka, lakini marehemu mwenyewe akamwambia, mwanangu, acha, wasije wakakosa alama kwa ajili yangu, akainuka, na kwa mkono uliokuwa bado na nguvu akaisawazisha shuka pale alipokuwa amelala.

Akakalishwa kwenye benchi la ukutani. Wakaguzi walipita, wakakisifu kitanda, wakakitoa kipimo kwenye boksi, wakakitazama, wakakirudisha, kisha mmoja wao akamwinamia marehemu, mganga mkuu akiwa pembeni anatabasamu, akamuuliza, mama, huduma hapa ikoje, naye, mdomo ukiwa umeshaanza kwenda upande, akajibu kwamba ni nzuri. Jibu lake lilipokelewa kama lilivyo. Zahanati ikatangazwa kuwa ya kwanza katika eneo letu, na cheti kimeshatundikwa mapokezi, karibu na mapazia yake.

Marehemu alianguka kutoka kwenye benchi lile wageni wakiwa nje wanapigwa picha, akakimbizwa hospitali kubwa, na huko akafariki dunia mchana wa tarehe 6 Septemba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali kubwa, ambao kabla ya kuuliza jina lake walimpima presha, wakatazamana, inamshukuru jirani mwenye gari, aliyeacha chakula mezani, na mafundi wenzake wa sokoni, ambao tangu juzi wanamalizia nguo za wateja wake ili pasiwepo mtu wa kusema Mama Mapazia aliondoka na kitambaa chake.

Zahanati yetu imeleta shada la maua, na mganga mkuu, aliyeketi pale mbele, ametuma ujumbe kuomba na wao watajwe katika shukrani, kama ilivyo kawaida, na mjomba wetu ametusihi tukubali, kwa kuwa msibani si mahali pa kugombana. Tumekusikia, mjomba, hatugombani. Shukrani ya zahanati marehemu alishaitoa mwenyewe pale benchini, kwa nusu ya mdomo, mganga akiwa anaisikia, na familia haina la kuongeza.

Mama, shuka uliyoilalia leo uliishona mwenyewe, tumeitandika sisi wanao, pembe tumezivuta kama ulivyotufundisha, na leo hakuna mgeni wa kumpisha. Usiinuke tena, mama. Lala, upumzike kwa amani.