Flashi Niliyoichomoa kwa Wivu

Sifa zote kwa Mungu wetu, wapendwa wa Kamenu, na nyinyi mliotoka Ruiru kuja kushangilia pamoja nasi! Mimi ni Mwangi, mnanijua. Nilikaa Uarabuni miaka minane. Niliingia nikipakia mizigo ghalani, nikatoka nikiwa karani mkuu wa ofisi. Diploma yangu niliisomea huko huko, bila kusaidiwa na mtu. Ile nyumba ya mawe kule Kalimoni ni yangu. Sisemi hivyo kujisifu, ingawa hata nikijisifu nina haki.

Ndugu zangu, kamati iliponipa kazi ya kuandika historia ya kanisa letu kwa ajili ya jubilei, niliona imechagua vizuri. Mama yangu ni mmoja wa wanawake waliobeba mchanga wa kujengea kuta hizi. Sasa macho yake yamefifia. Ombi lake lilikuwa moja tu: asikie ukurasa wake ukisomwa humu ndani akiwa bado hai.

Kisha pasta akaongeza kwamba sura za tawi la Ruiru ataziandika Njeri. Njeri! Fundi wa nguo aliyeishia kidato cha nne! Sote wawili tukaandikia kwa programu ya bure, mimi kwenye kompyuta ya ofisi ya kanisa, yeye kwenye laptop yake kuukuu. Aliposoma sura yake ya kwanza mbele ya kamati, alipigiwa makofi mpaka nikaanza kukagua dari. Wivu uliniingia tumboni ukakaa kama ugali uliopoa.

"Kitabu kizima kwa programu ya bure?" nikasema. "Itawafia mikononi. Kule nilikokuwa hatukuchezea vitu kama hivi."

"Haijanifia bado, Ndugu Mwangi," Njeri akajibu. "Kila sura naipa faili yake, na nakala naiweka kwa barua pepe. Wewe unafanyaje?"

"Mimi nina diploma."

Kamati ikacheka. Mimi sikuwa natania.

Sikilizeni nilivyofanya. Sura zangu zote kumi na mbili nilizisukuma ndani ya faili moja, pamoja na picha kubwa kubwa, ili kazi yake ionekane nyembamba kando ya yangu. Nikaandikia moja kwa moja kwenye flashi niliyoivaa shingoni kwa ule utepe wa kitambulisho cha kazi yangu ya zamani. Hata ile nakala ambayo programu hujiwekea yenyewe niliizima, Njeri asije akapata hata sentensi yangu moja kwenye kompyuta ya ofisi.

Jumamosi moja mchana nilikuwa nikisevu sura ya mwisho, ile ya mama, nikasikia sauti ya Njeri mlangoni. Nikachomoa flashi! Programu ilikuwa bado inaandika. Nilipoirudisha baadaye, faili ilikataa kufunguka.

Na je, nilitubu? Hapana, ndugu zangu! Nilienda mbele ya kamati nikasema programu ya bure imekula kitabu. Wazee wakaogopa. Wakasema afadhali kitabu kiachwe kabisa, na kazi ya Njeri isimamishwe pia. Nakiri mbele za Mungu, nilifurahi. Nilitembea mpaka nyumbani nikipiga mluzi.

Mama alikuwa ameketi kwenye jua. Akaniuliza, "Mwangi, umefika pale pa mchanga?"

Mluzi ukakauka mdomoni. Nilikuwa nimemzika Njeri, na mama yangu nimemzika naye.

Kesho yake nilikwenda Ruiru, kwenye kibanda chake cha ushonaji, nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Njeri akaweka mkasi chini.

"Ai, Mwangi! Si ulinitumia sura tisa kwa barua pepe? Uliniandikia, 'Uone kazi ya mtu aliyesoma.'"

Ni kweli, nilikuwa nimesahau! Nilizituma ili zimuumize, kabla sijaanza kumficha kazi yangu. Yeye alikuwa amezitunza zote, kila moja na faili yake, na makosa yangu amenirekebishia. Na yalikuwapo, hata kama machache.

Sura tatu zilibaki za kuandikwa upya. Niliketi tena na mama. Mara ya kwanza, ukurasa wake niliujaza habari za jinsi alivyomzaa Mwangi. Safari hii nilinyamaza, naye akanisimulia jinsi alivyobeba mchanga akiwa na homa, akiimba ili wenzake wasijue.

Kisha nikasimama mbele ya kamati nikasema: programu haina hatia, mwenye hatia ni mimi. Wazee wakaruhusu kazi iendelee, na kitabu hiki mnachokiona leo, zaidi ya kurasa mia mbili, kimeandikwa chote kwa programu ile ile ya bure. Haikupoteza hata nukta.

Ndugu yangu, kama kuna mtu ambaye makofi yake yanakuumiza, mpeleke kwa Yesu leo, jina na yote. Usingoje uchomoe kitu ambacho hakirudi. Bado naumia kidogo, siwafichi, kwa sababu kamati imesema sauti inayofaa kusoma leo si yangu. Lakini aliyeniweka huru ananishika mkono.

Njeri, dada yangu, njoo uchukue kitabu. Sura ya kumi na mbili. Soma kwa sauti kubwa, mama yuko kiti cha mbele.