Balbu ya Bafuni

Mama aliyepakata balbu ya LED iliyoungua alikuwa akimweleza jirani yake kitini jinsi atakavyomvaa muuza duka. "Kila nikiweka bafuni, haimalizi mwezi! Anatuuzia takataka yule." Basi zima lilisikia. Mimi nilijifanya nasoma tangazo la dawa ya panya.

Jirani, mzee mwenye bisibisi mfukoni, aliipokea balbu akainusa kama nyama ya jana. "Mama, taa yenu ina kifuniko?"

"Cha kioo. Tena mume wangu hukizungushia gundi, mdudu asipate hata pa kuchungulia."

"Basi mnaipika! Joto la balbu hizi hukaa hapa shingoni, na likikosa pa kutokea linaiua. Nunueni iliyoandikwa kwenye boksi kuwa inafaa taa zilizofunikwa. Na hiyo gundi, huyo bwana akazibie viatu vyake."

"Nimwambie mimi? Hanisikii."

"Nikutanishe naye," mzee akajitapa, "nimpashe mwenyewe."

"Kashakusikia, baba." Mama akaonyesha mbele kwa kidevu.

Basi lilisimama pasipo na kituo. "Mwenye bisibisi," alisema dereva bila kugeuka, "umefika."