Kijani cha Mzee wa Mizani

Treni ya asubuhi ilipasua ukungu polepole kama inayoota, na mwalimu mstaafu aliyekaa dirishani alijifanya amelala ili asikie vizuri. Masikio hayana pazia.

Mbele yake bwana mmoja wa takwimu alikuwa akimwonyesha kompyuta yake mama muuguzi, waliyejuana naye kituo kilichopita tu. "Hii ni dashibodi ya mahudhurio ya kiwanda chetu cha sabuni. Aliyefika ni kijani, asiyefika ni mwekundu. Sasa mwone huyu mzee wa mizani. Miezi mitatu hajakosa hata siku moja."

"Mchapakazi kwelikweli."

"Dada, tulimzika miezi mitatu iliyopita."

Muuguzi aligeukia dirishani. Nje, miti ilielea kana kwamba haina mizizi.

"Wenzake wa zamu wanapokezana kuigusisha kadi yake kwenye mashine ya getini. Mshahara wake ulishafungwa, hawapati kitu. Nilipowauliza, waliniambia hawawezi kuanza kazi mzee akiwa mwekundu."

"Basi mwache, kaka yangu."

"Saa tatu bosi anaifungua dashibodi hii. Nikimwacha, mwongo ni mimi."

"Na ukimfuta, utakuwa nani?"

Breki zililia. Abiria wakasimama, bwana wa takwimu akabaki na kidole hewani juu ya kitufe cha kufuta. Mwalimu, aliyeita majina darasani kwa miaka thelathini na mmoja, alifumbua macho, akajikuta anaitika kwa niaba ya mzee asiyemjua: "Yupo."