Wabia Sita wa Boksi Moja

Pale Kasulu, ukitoka stendi ukapita maduka ya vitenge na fundi redio, kuna benchi la mninga lililoegemezwa kwenye ukuta wa duka lililofungwa tangu mwenyewe ahamie Kibondo. Hapo Kuruthumu huweka jiko, birika na sinia la kashata kila asubuhi, na hapo hukaa wanaume watatu ambao hawajawahi kukubaliana hata juu ya siku ya juma. Wa kwanza ni Cleophas. Mwaka 2012 alikuwa karani wa sensa kwa wiki moja, na miaka miwili baadaye bado anaongea kama serikali, kwa hiyo wanamwita Sensa. Wa pili ni Cadet, Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu, anayepata kibali cha kutoka mara mbili kwa wiki kuuza vitenge. Huyo ni Balozi. Wa tatu ni Raymond, dereva wa pikapu, aliyewahi kutoka Manyovu hadi Kasulu bila klachi, na jina likamganda. Jumatano hiyo ya Novemba, Klachi alikuja amechelewa, na shingoni alikuwa bado na kitambulisho cha plastiki alichosahau kukivua tangu mkutano wa jana.

— Hebu geuka tusome, alisema Sensa, akakishika kama anakagua ng'ombe. «Mbia wa Hatua ya Mwisho.» Hatua ya mwisho ya nini, Klachi? Ya kaburini?

— Ya dawa. Lori likiteremsha Kibondo, mimi ndiye naleta mpaka huku. Ndiyo hatua ya mwisho.

— Na huyo wa hatua ya kwanza wamemvalisha nini, kilemba?

Kuruthumu alimpa Raymond kikombe bila kuulizwa. Raymond alivua kile kitambulisho, akakitia mfukoni, akaanza kusimulia kwa dharau, maana dharau ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko yote asubuhi hiyo.

— Tulikuwa sita, sote tuliopitisha boksi moja mikononi. Mwagizaji wa Dar, wakala wake, mtu wa ghala lao, mwenye lori, mimi, na mtunza stoo wa hapa. Saa nzima ilikwisha kwa kujitambulisha, kila mtu na vyeo vyake. Halafu bwana mmoja akawasha mashine, akatuonyesha ukutani picha ya mnyororo. Pete sita, kila pete ina jina la mtu. Anasema sisi ni wabia wa mnyororo wa ugavi, pete moja ikilegea umelegea wote.

— Na boksi lenyewe lilikuwa la nini? aliuliza Kuruthumu.

— Chanjo ya kichaa cha mbwa. Ile inayotakiwa ikae kwenye baridi tangu inapotoka mpaka inapoingia mwilini mwa mtu. Mwezi uliopita boksi zima lilionekana limepata joto, likachomwa moto. Jana ndiyo tuliitwa tuseme lilipata joto mkononi mwa nani.

— Mnyororo wa kutoka Dar mpaka Kasulu, alisema Kuruthumu. Wangekata kipande tu wakamfunga huyo mbwa, chanjo isingehitajika.

Sensa hakucheka. Yeye akichekeshwa na muuza kahawa huona cheo kimeshuka.

— Ikaonekana ni nani?

— Hakuna. Kila mmoja alisimama akasema kwake lilitoka salama, na karatasi anayo. Karatasi sita, saini kumi na mbili.

— Vizuri. Mali bila daftari hupotea bila habari.

— Hii ilikuwa na madaftari sita, baba.

— Ndiyo maana imepotea na habari zake zote, alisema Sensa, na akaridhika sana na jibu lake. Sasa mimi nitawaambia kilichotokea, bila mkutano na bila soda. Ni barabara. Boksi likitikiswa kutoka Kahama mpaka hapa, kila shimo, kila tuta, ile dawa inapata moto yenyewe kwa yenyewe. Mama zetu wanasuka maziwa kwenye kibuyu, si unaona yanavyobadilika? Hiyo chanjo ilifika siagi.

— Miye nakataa, alisema Cadet. Shida ni kile kipimajoto. Kilitoka wapi? Dar. Dar kuna joto ya kufa mutu. Kile kipimajoto kilizoea joto ya kwao. Hata ukikileta huku kwa baridi, kitaandika ya kwao tu. Miye mwenyewe iko miaka kumi na nane huku na bado naota Kikongo.

— Balozi, kipimajoto hakioti.

— Basi nani alikuwa na haraka ya kukiamini?

— Haraka haraka haina baraka, alisema Sensa. Ndiyo, na wao wenyewe walichelewa makusudi ili ipate baraka. Lakini mnakosa jambo kubwa. Jiulizeni, hiki kichaa cha mbwa kinachosemwa kule Kagerankanda kilianza lini? Wiki ileile boksi limetoka Dar. Mimi nilihesabu watu, najua takwimu. Mtu akiwa na dawa ya kuuza hutafuta ugonjwa. Mbwa wa kwanza alitangulizwa.

— Alipanda basi gani? aliuliza Kuruthumu.

— Usidharau. Mvumilivu hula mbivu. Siku moja mtakuta na mbwa ana kitambulisho shingoni.

Cadet alikunywa kahawa yake polepole, akarudisha kikombe kwenye sinia.

— Mimi namusifu ule mbwa. Kwa bale bapatenea, bale babia bote, yeye tu ndiye alifanya kazi yake kwa wakati.

Benchi lilicheka, na watu wawili waliokuwa wanapita wakageuka. Raymond alicheka nao, ila aliacha kabla yao. Kuruthumu alimwona.

— Na wewe zamu yako ilipofika ulisema nini, kaka Raymond?

— Nilisema kwangu lilitoka salama.

Wengine waliona ndivyo ilivyotarajiwa. Lakini yeye alijua. Alilichukua boksi Kibondo alfajiri, akakwama Makere ambako lori la mbao lilikuwa limelala katikati ya tope, akafika Kasulu Ijumaa jioni. Stoo ilikuwa na kufuli. Mtunza stoo alikuwa ameitwa semina Kigoma, semina ya kutunza chanjo kwenye baridi. Raymond alipiga namba iliyokuwa kwenye karatasi. Ikampa namba nyingine. Hiyo nayo ikamwambia jambo moja tu: usiguse lakiri, ukiivunja umevunja mkataba. Aliliweka boksi chini ya turubai, kivulini, na kwa siku mbili kila alipoligusa aliona limeacha baridi yake kidogo zaidi. Friji za soda zilikuwa hatua thelathini kutoka pale. Jumatatu mtunza stoo alirudi, akalipokea bila kulifungua. Karatasi ilikuwa na maneno mawili tu ya kuwekea alama: hali nzuri. Hakukuwa na nafasi ya kuandika jingine. Wote wawili wakatia saini, na boksi likaja kufunguliwa siku nne baadaye.

Sensa alikuwa ameanza kueleza jinsi mbwa huyo alivyovushwa mpaka, pikipiki ilipomshusha mwanamke mmoja mbele ya benchi. Alikuwa mtu mzima, kandambili zimejaa tope jekundu, mkono wa kushoto umefungwa kwa kipande cha kanga.

— Mwakeye, alisema.

— Mwakeye, mama, waliitikia.

— Naitwa Pelagia, natoka Kagerankanda. Jana jioni mbwa wa jirani amening'ata. Alikuwa anatokwa na mate, amewang'ata na mbuzi wawili. Zahanati wameniambia njoo mjini. Mjini, dirishani pa hospitali, wameniambia chanjo imekwisha, hawajui zaidi. Kuna mtu akasema dereva anayeleta dawa hukaa hapa. Nauliza, chanjo iko wapi?

Kuruthumu alikuwa wa kwanza kunyanyuka. Alimketisha mahali pake, akafungua ile kanga, akauliza kama alishaosha jeraha. Pelagia alisema kwa maji tu. Kuruthumu akachukua ndoo ya kuoshea vikombe, akamwaga maji yake, akatia mengine safi, akaanza kuliosha kwa sabuni ya mche, akimimina na kuosha tena, kwa muda mrefu.

— Mama, alisema Sensa, suala lako lina ngazi. Kwanza mwagizaji huagiza. Wakala hupokea. Kisha bohari…

— Iko wapi?

— Ndiyo nakuja huko. Wapo wadau sita…

— Huyu mbwa, ni kweli alitoka Kagerankanda, ao alikuja? aliuliza Cadet, kisha akaona aibu mwenyewe, akainamisha kichwa.

Raymond aliweka kikombe chini.

— Mama, ni mimi. Ile chanjo ilikuwepo. Ililala kwenye gari langu siku mbili ikaharibika, na mimi nikatia saini kwamba ni nzima. Jana nimesimama mbele ya watu nikasema hivyohivyo.

Sensa alimwangalia kwa mdomo wazi. Pelagia hakuutoa mkono wake kwenye maji.

— Kaka, mimi sikuuliza nani. Nimeuliza iko wapi.

Raymond akatoa simu, akapiga namba za wabia wenzake mbele yake. Mwagizaji alimpa wakala. Wakala alisema mzigo mpya uko kwenye mpango. Wa ghala alimrudisha kwa mwagizaji. Mwenye lori hakupokea. Aliporudisha simu mfukoni alisema, kwa sauti ya mtu anayetua gunia:

— Sijui, mama. Lakini nina gari. Tutaitafuta Kigoma, duka kwa duka.

Kuruthumu alimwaga makaa, akampa Cadet birika amlindie, akapanda nao. Duka la kwanza hakuna. La pili hakuna. La tatu waliambiwa warudi mwezi ujao. Saa tisa alasiri, kwenye zahanati ndogo ya mtu binafsi, muuguzi anayeitwa Aneth alifungua friji lake na kuwaonyesha vichupa viwili. Kimoja kilikuwa na mwenyewe, mkulima aliyeng'atwa wiki iliyopita. Dawa ya cha pili ikachomwa mkononi mwa Pelagia. Aneth akamwambia zinahitajika nyingine nne, na ya kwanza kati ya hizo ni Jumamosi.

— Zitakuwepo?

— Tumeagiza. Zinashuka Kibondo Ijumaa alfajiri.

Raymond hakuuliza nani amezituma wala nani atazileta. Wabia walikuwa walewale, na wa kutoka Kibondo alikuwa yeye.

Alhamisi jioni alikuwa Kibondo. Alipokabidhiwa boksi alfajiri ya Ijumaa aliweka kiganja juu yake, akaona vuguvugu. Alimpigia wakala, akajibiwa asiiguse lakiri hata kidogo, lakiri ndiyo usalama wa mzigo. Raymond alimsikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akakata simu, akaikata na lakiri. Ndani, vipande vya barafu vilikuwa vimebaki maji, lakini kipimajoto kilikuwa bado chini ya nyuzi nane, mpaka wa chanjo kuharibika. Alinunua barafu kwa muuza soda, akaifunga kwenye kitenge alichopewa na Cadet, ili isigusane na vichupa ikavigandisha, akaongeza nyingine Makere na nyingine tena Kasulu. Kwenye karatasi, chini ya yale maneno «hali nzuri», aliandika kwa mkono wake: Nimefungua mimi, nimeweka barafu, kwa sababu lilikuwa linapata joto. Akatia saini, na saa.

Kigoma, Aneth alisoma karatasi, akasoma kipimajoto, akapokea. Jumamosi Pelagia alichomwa ya pili. Akachomwa ya tatu, na ya nne. Wale mbuzi wawili walikufa. Na yule mbwa alikufa. Pelagia aliendelea kupalilia maharage yake.

Barua ilikuja Desemba, wiki ya sindano ya mwisho. Pelagia alikuwa amepitia benchini akirudi kutoka Kigoma, amekaa na Kuruthumu, mkono umepona na kubaki alama nne. Sensa aliisoma kwa sauti, kwa kuwa barua za ofisi huona ni haki yake.

— «Kwa kukiuka mkataba kwa kuvunja lakiri ya mzigo, kampuni imesitisha ubia wako kuanzia tarehe ya barua hii.» Imepigwa mhuri mara mbili. Nilisema mimi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Na mtunza stoo? aliuliza Cadet.

— Hatajwi.

— Wakala?

— Ndiye aliyesaini.

Cadet alitema mate pembeni, akafuta mdomo.

— Balifanya muzuri. Baliona pete moja iko na mutu ndani, bakaikata.

Raymond aliikunja barua mara nne. Alikuwa na hasira, lakini si ile aliyojikasirikia kwa kutia saini ya uongo. Hii angeweza kulala nayo. Alisema anafikiria kubeba mbao, mbao haziharibiki zikichelewa. Sensa akasema hata mbao zina wadau, akaanza kuwataja. Kuruthumu aliinua birika kumjazia kila mtu, likatoa matone mawili na machicha.

Pelagia alikuwa amewasikiliza wote, mmoja baada ya mwingine, mikono mapajani.

— Samahani, alisema. Boksi linalofuata, kutoka Kibondo mpaka huku, litaletwa na nani?

Sensa alifungua mdomo, akamtazama Raymond. Raymond akamtazama Cadet, naye akaanza kukunja vitenge vyake. Kuruthumu akafunika jiko.