Jua la Mtumba
Basi la alfajiri lilikuwa likiteremka mlima pale fundi saa aliposikia mama mmoja mfuga mbuzi, kiti cha mbele yake, akimsema mkwewe kwa abiria asiyemjua.

"Mvivu wa kutupwa! Kila siku nampigia saa moja asubuhi, anapokea kama mtu aliyefufuka. Mwanangu ameolewa na gogo."

"Wanaishi wapi?" aliuliza abiria huyo, tarishi mstaafu. Mama alipotaja milima ya ng'ambo, mzee akacheka. "Huko ndiko kwetu, mama. Tuko nyuma yenu kwa saa tatu. Kwenu ikiwa saa moja, kwetu ni saa kumi, hata jogoo hajajigeuza."

"Kumbe jua tunalitumia sisi kwanza, ndipo mnaletewa? Mnaota jua la mtumba!"

"Afadhali sisi. Kwenu linafika bichi, kwetu limeshaiva."

Fundi saa alitamani kuwaeleza kwamba dunia ndiyo inayozunguka, lakini hakuna aliyemuuliza.

Mama akahesabu kwa vidole. Aibu ikamshika: miaka miwili anamtukana mtoto wa watu bure. Basi liliposimama kituoni, saa moja kasorobo, alikuwa ameshatoa simu.

"Alo, baba! Amka, nataka kukuomba radhi!"